Niliosha Wazee wa Mawe

Miaka yote niliyofanya kazi London nilikuwa naosha wazee, na sikupata hata mmoja aliyelalamika kwamba maji ni ya baridi. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikiwajibu watu kwenye harusi kule Edmonton wakiniuliza, "Wewe dada wa Tanga, unafanya kazi gani?" Naosha wazee. Basi wananipa pole. Wenyewe wametoka zamu kwenye nyumba za wazee, migongo inawauma, wananiona mwenzao. Mama mmoja akaniuliza kama wazee wangu wana fujo. Nikamwambia, hata, wametulia sana, ila wengi wao hawana pua.

Wallahi niliipenda sana saa hiyo. Yule mama alishika sahani yake ya pilau akanitazama kama nimeingiwa na kitu.

Wazee wangu walikuwa vichwa vya marumaru. Wagiriki wa kale na Warumi wa kale, watu wa hekima waliokaa wakijiuliza mtu aishi vipi. Waliletwa kwenye karakana yetu Woolwich kutoka makumbusho na majumba ya matajiri, nyuso zimeingia moshi wa makaa na vumbi la karne. Tuliwaosha, tukawafunga kwenye vitambaa, tukawarudisha kwao.

Nawaandikia nyinyi, wajukuu zangu na wenzenu, mnaoelewa Kiswahili changu chote kisha mnanijibu Kiingereza. Mmoja wenu juzi alinikuta jikoni hapa Walthamstow nasafisha ukingo wa kikombe cha marehemu mama kwa pamba na kijiti. Akauliza kwa nini sikitii kwenye mashine kama vikombe vingine. Nikafungua mdomo kumjibu, nikaona jibu ni refu kuliko chai yake. Ndilo hili.

Niliajiriwa kwa sababu ya hina. Nyumbani Tanga nilikuwa nawapaka maharusi, na mkuu wa karakana alitaka mtu mwenye mkono usiotetemeka. Akanikabidhi kwa Fundi Kartar, Kalasinga mzaliwa wa Kisumu, mwenye kilemba cha buluu na ndevu nyeupe zilizopangwa vizuri kuliko za sanamu yoyote pale ndani. Alikuwa fundi wa mawe tangu ujana wake. Alipojua mimi ni wa Tanga aliacha Kiingereza siku ileile, na hakukirudia tena tukiwa wawili.

Kiswahili chake sasa! Kilikuwa kile cha dukani, cha "mimi iko" na "hapana sugua". Neno wewe alilitamka "veve". Vokali za mwisho alizikata kama anabana matumizi.

Siku ya kwanza alinipa kipande cha marumaru kilichovunjika, akanionyesha namna ya kuviringisha pamba kwenye kijiti cha mwanzi, akakaa kando kunitazama. Nikafanya. Akainuka, akakisogeza kile kipande dirishani, akakigeuza kwenye mwanga. Kisha akatikisa kichwa taratibu akasema, "Veve, hii kazi takufa."

Jamani. Mzee wa watu ananiambia kazi hii nitakufa! Nikafikiria dawa zilizomo kwenye chupa, nikafikiria vumbi, nikafikiria na hao wenyewe waliokaa rafuni wakinikodolea macho yasiyo na mboni, maana kwetu tulikua tukiambiwa sanamu halikai peke yake, hukaa na jini wake. Kesho yake nilirudi nimejifunga mtandio hadi puani, nimesoma kila dua niliyofundishwa chuoni. Nilikuwa na shida ya kazi, ningefanyaje? Na kila jioni yeye anakuja, anatazama nilichofanya, anatabasamu: "Takufa, takufa." Ati anatabasamu!

Mwisho nikashindwa. Nikamwambia, "Fundi, kama nitakufa, si uniambie basi ni ugonjwa gani, niage watu wangu?"

Akanitazama kama nimesema Kichina. Akaushika mkono wangu, akaugusisha kwenye jiwe. "Veve na kazi," akasema, "kazi na veve. Nzuri. Takufa."

"Itanifaa?"

"Ndiyo! Takufa!"

Alicheka mpaka akavua miwani. Mimi nilikaa chini nikalia, kwa kweli, maana nilikuwa nimeshaandika wosia kichwani.

Basi tuendelee na kazi, mjifunze kitu. Jiwe halisuguliwi. Hilo la kwanza na la mwisho. Marumaru ina vinyweleo kama ngozi; ukisugua unaupeleka uchafu ndani, na juu unaondoa ile rangi ya asali ambayo jiwe limeivaa kwa umri wake. Unachukua pamba, unailowesha, unaizungusha juu ya jiwe kidogokidogo, inabeba uchafu, unaitupa. Unachukua nyingine. Unaanza nyuma ya sikio, mahali pasipoonekana, ujue jiwe limekubali. Tochi unaiweka ubavuni, usimulike usoni, kwa kuwa mwanga wa ubavuni ndio unaoonyesha makovu.

Na unailowesha kwa nini? Kwa mate. Msikunje nyuso. Mate yana nguvu ya kuyeyusha mafuta, lakini ni ya upole, hayamwonei mtu. Watu wenye shahada zao kubwa walikuwa wakifanya hivyohivyo. Ila kuna masharti: asubuhi hunywi chai ya maziwa, sukari huigusi, na pamba iliyokwisha gusa jiwe hairudi mdomoni. Hilo la mwisho nilijifunza kwa njia mbaya. Nilikuwa nimezama kwenye nywele za mzee mmoja wa Kigiriki, mawazo yako kwetu, nikairudisha pamba mdomoni kama pipi. Mtu akiwaambia hekima ya kale ni tamu, njooni kwangu niwaeleze ladha yake.

Mambo yamebadilika. Siku hizi kuna leza, mashine inayorusha mwanga na uchafu unaruka wenyewe kwa sauti ya tik tik tik. Na mate sasa yanatengenezwa maabara, yanakuja kwenye chupa. Ni mazuri tu, sisemi kitu. Lakini chupa haimjui mtu.

Ikaja Ramadhani. Mdomo mkavu tangu asubuhi, na hata ungekuwa na mate, nani anataka kuyachezea na saumu? Nikamwambia Fundi niruhusiwe kutumia maji matupu. Akakataa, maji matupu hayafanyi kitu kwenye moshi. Akafikiri kidogo. Akachukua kijiti changu, akakilowesha mdomoni mwake, akanirudishia. "Veve funga," akasema. "Mimi toa mate."

Basi mwezi mzima Kalasinga alinitemea. Alikaa upande mmoja wa meza, mimi upande wa pili, katikati kichwa cha mzee, na vijiti vinakwenda na kurudi. Mwanga wa dirisha la Woolwich ni wa kijivu, mlaini, unaingia kama umepitishwa kwenye chandarua. Saa za alasiri, na njaa ile, nilikuwa siko macho wala silali. Ule mviringo wa pamba ulinichukua. Niliona shavu la jiwe likitoka kwenye weusi polepole, na kuna wakati niliapa limepata joto. Nyanya yangu alikuwa akinisomea dua utotoni, kisha ananitemea mate kidogo sana utosini, kama manyunyu. Nilimkumbuka nyanya kila Fundi aliponipa kijiti. Nilijisikia nasomewa.

Sasa nimlete Helen. Huyu alikuwa binti wa Kiingereza, msomi wa mambo ya kale, aliyekuja na vichwa kutoka makumbusho na kukaa navyo mpaka viishe, kama mama aliyempeleka mtoto hospitali. Mtu mwema, anakunywa chai yetu bila kuuliza ina nini. Wakati wa mapumziko alikuwa akituhadithia walichofundisha hawa tunaowaosha.

Siku moja alisema Wagiriki walikuwa na neno moja walilolipenda kuliko yote, neno la ubora wa mtu. Lakini si wa mtu peke yake, hata kisu kilikuwa nao, hata farasi, hata jicho. Kisu chenye ubora huo ni kile kinachokata vizuri, maana kukata ndiyo kazi yake. Basi na mtu ana kazi yake ya kuwa mtu, na akiifanya vizuri maisha yake yote, huyo ameishi vyema. Akaniuliza, "Nyinyi kwa Kiswahili mnaliitaje?"

Nikaanza kutafuta. Wema? Wema anao jirani anayekuletea futari, kisu hakina wema. Fadhila? Fadhila mtu anakutendea halafu anakukumbusha mpaka siku ya kiama. Nilihangaika hapo na kikombe mkononi mpaka Fundi akaingilia kati.

"Kufa," akasema. "Kisu nakata, kisu nafa. Mtu nzuri, mtu nafa."

Nilicheka hadi nikamwaga chai. Helen akataka kujua kinachochekesha. Nikamweleza kwamba Fundi anasema kufaa, kuwa wa kufaa, ila mdomo wake unaitupa ile a ya mwisho, na ukiitupa hiyo mtu anakuwa amekufa.

Helen hakucheka. Aliweka kikombe, akamwelekezea kidole mzee wetu mmoja aliyekuwa mezani, yule mwenye pua bapa na macho yaliyotoka, mbaya wa sura, masikini. Akasema huyu alihukumiwa, akanywa sumu mbele ya rafiki zake huku akizungumza nao, na siku hiyohiyo aliwaambia kwamba mwenye kuipenda hekima anatumia maisha yake yote kujizoeza kufa. "Kwa hiyo huenda Fundi hajakosea," akasema.

"Mimi hapana kosea," Fundi akajibu, akachukua biskuti.

Mwaka huohuo mkono wake ukaanza kutetemeka.

Mwanzo alinificha. Aliushika ule wa kulia kwa wa kushoto, akajifanya anafikiri. Tulikuwa na kichwa cha mfalme wa Kirumi, mwenye nywele na ndevu za mafundo, kila fundo na kishimo chake, na kila kishimo na moshi wake. Kazi ya roho ngumu. Siku hiyo nikaona kijiti chake kimegonga shavu la mfalme, tk, na tena, tk. Hakikuacha alama. Fundi alikiweka chini akatoka nje. Nilimkuta kibarazani akitazama mto, ukungu umefunika upande wa pili wote, na mkono wake unacheza peke yake juu ya goti.

"Mimi kisu butu," akasema. "Helen nasema nini? Kisu hapana kata, hapana kufa."

Hebu fikirieni: mtu ameishi kwa mkono, amelea watoto kwa mkono, na tumekaa naye chai baada ya chai tukisifu kisu kinachokata. Niliumia kana kwamba ni sisi tuliomwambukiza ule ugonjwa.

Mkuu wa karakana alimwita, akamwambia kwa adabu: mfalme huyu amalize, kisha akapumzike nyumbani. Hakumfukuza. Lakini Fundi alirudi mezani amepauka. Amalize! Kwa mkono upi?

Helen alisikia. Akaja na kigoda, akakaa karibu yake kabisa. Alisema mfalme huyu, pamoja na majeshi yake yote, alijifunza kutoka kwa maneno ya mtu aliyekuwa mtumwa, kiwete wa mguu. Yule mtumwa alifundisha kwamba vitu ni vya namna mbili, vilivyo chini ya mamlaka yako na visivyokuwa. Mguu hauko chini yako, na mkono pia, wanaweza kuuvunja, unaweza kuugua. Kilicho chako ni namna unavyotaka, unavyochagua, unavyowatendea watu. Hapo hapana awezaye kukuvunja. Aliyasema vizuri, na machozi yalikuwa yanamlenga.

Fundi akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akanigeukia mimi, kwa Kiswahili: "Yeye nasema nzuri. Lakini ndevu nani naosha?"

Eh! Hapo ndipo akili iliponijia, na sijui ilitoka wapi. Nikachukua kijiti, nikaviringisha pamba, nikamnyooshea. Nikamwambia, "Fundi, leo mimi nimefunga."

Haikuwa Ramadhani. Haikuwa hata Alhamisi ya sunna. Naye alijua, maana alikuwa ameniona asubuhi natafuna sambusa. Akanitazama juu ya miwani muda mrefu. Halafu akafungua mdomo, nikamwekea pamba kwenye ulimi, kwa sababu mkono wake usingefika bila kuiangusha, akailowesha, nikaichukua.

Ndivyo tulivyomwosha mfalme wa Roma. Mate yake, mkono wangu. Yeye anaona, maana macho yake yalikuwa bado yanakata, ananiambia, "Huko, chini ya sikio, polepole, zungusha, hapana sugua." Mimi nazungusha. Wakati mwingine mvua ilipiga dirishani saa nzima, na sikuweza tena kujua kama ninaosha au ninaota kuwa ninaosha, kama ule ni mkono wangu au wake. Ndevu zikatoka moja moja, za rangi ya maziwa yaliyokaa. Kichwa kilipokwisha Helen alisimama akikitazama, na Fundi aliomba aletewe chai ya maziwa yenye sukari nyingi, akainywa yote.

Akaenda nyumbani kupumzika. Niliendelea kumtembelea Jumapili, namchukulia visheti, ananiuliza habari za wazee. Kila mara naondoka naona kuna swali amelishika na hajalitoa.

Miaka ikaenda, ugonjwa nao ukaenda mbele. Mara ya mwisho nilimkuta wodini, mchana, jua lile dogo la London limelala kwenye shuka. Wanawe walikuwa wametoka kwenda kula, nikabaki naye. Kiingereza chote kilikuwa kimeshamtoka. Kipunjabi alizungumza na watoto, na mimi aliniwekea Kiswahili. Nesi aliyekuwa akirekebisha mto wake alikuwa Mkenya, msichana wa Nyeri, mchangamfu.

Fundi akafumbua macho, akaniona. Midomo yake ilikuwa mikavu imepasuka. Akasema, kwa shida, "Veve… nimekufa?"

Yule nesi, Mungu ambariki, akamwinamia mara moja. "La, mzee! Hujafa! Uko na sisi hapa, uko sawa kabisa." Akampapasa bega, akanitazama kwa huruma, kana kwamba ananiambia mzee ameanza kuchanganyikiwa.

Lakini macho ya Fundi hayakumwangalia nesi, yalikuwa kwangu. Ndipo nikalisikia lile swali la Jumapili zote, na ile a ya mwisho aliyoitupa maisha yake yote, nikamrudishia mwenyewe mahali pake. Nimekufaa?

Nikamshika ule mkono, ukatetemekea ndani ya wangu. "Umenifaa, Fundi," nikamwambia. "Umenifaa sana. Tangu kile kipande cha kwanza."

Akafumba macho. Sikujua kama amesikia. Nesi akaniambia midomo yake inahitaji kuloweshwa kila mara, akanipa kikombe cha maji na kijiti chenye sponji nchani, akauliza kama nitaweza au anifanyie yeye. Nikamwambia, mwanangu, mimi miaka yote hii kazi yangu ni kuosha wazee.

Nikakichovya kile kijiti majini. Na nyinyi mnielewe: huyo ndiye mzee pekee niliyepata kumwosha akiwa hai. Nilianzia pembeni ya mdomo, pasipoonekana, kujua kama amekubali. Mkono wangu wa hina, ambao haukuwahi kutetemeka, siku ile ulitetemeka.

Bila kufumbua macho, Fundi akatabasamu. "Hapana sugua," akasema.

Nikazungusha.